Nyoka Hakuwa na Bei

Neno boda boda lilizaliwa hapa. Katika miaka ya 1960 na 1970, kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda mjini Busia, palikuwa na kipande cha barabara kilichomlazimu msafiri kushuka gari na kutembea na mizigo yake, na vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Walimbeba mtu kutoka mpaka hadi mpaka, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, border, lililolainishwa na ulimi wa mtaa. Bei ilijulikana kabla ya kupanda. Ukishuka unalipa, mmemalizana.

Naanza na baiskeli kwa sababu kisa hiki ni cha bei. Ni kisa cha namna gemu ya mkononi ilivyoingia katika nchi hii ya mpakani, huku Tororo na Busia zinakopakana na Kenya, ikiwa haina bei kabisa. Ikapewa bei ndogo iliyokuwa wazi kama nauli ya baiskeli. Halafu ikapewa bei ambayo hata anayeilipa hawezi kuitaja. Safari yote hiyo haijazidi sana miaka thelathini.

Watu wa pande hizi hawakusubiri mgeni awafundishe kucheza. Ubao wa mashimo ambao Waganda huuita mweso, Wajaluo ajua na Waswahili bao, ulikuwa chini ya miti kabla reli haijafika Tororo. Kete zilikuwa mbegu, na asiyekuwa na ubao alichimba mashimo ardhini. Mchezo huo una mwisho: kete za mwenzako zinakwisha, unasimama, mwingine anakaa. Naomba msomaji aushike mwisho huo, kwa sababu tutakuja kuukosa.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, mashine ya kijivu ya kuchezea mkononi, na pamoja nayo ikauza Tetris, mchezo wa matofali yanayoanguka uliobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Mashine hizo zilikuwa za watoto wa wenye nacho. Kilichofika hadi kwenye meza za sokoni ni binamu yake maskini kutoka China: Brick Game, kidude cha plastiki kilichojigamba kwa maandishi kwamba kina michezo 9,999, ingawa ukiichunguza ilikuwa michezo michache iliyobadilishwa mwendo na sura. Kiliendeshwa kwa betri ndogo, kililia kama kifaranga, na watoto walikipokezana. Aliyekinunua alikinunua chote. Hapakuwa na mtu Shenzhen aliyejua kwamba kuna mtoto Nagongera, wilayani Tororo, anayecheza usiku huu, wala hakuwa na haja ya kujua.

Kisha ikaja simu. Celtel ilianza kazi Uganda mwaka 1995, MTN ikafuata mwaka 1998, na upande wa Kenya Safaricom na KenCell zikaingia sokoni mwaka 2000. Ndani ya simu za Nokia alikuwamo nyoka. Mhandisi Taneli Armanto wa Finland alimweka katika modeli ya 6110 mwaka 1997, na nyoka huyo akarithiwa na simu baada ya simu hadi kufikia ile ambayo Afrika Mashariki iliikumbatia kuliko zote: Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani. Zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Kenya simu za aina hiyo zikaitwa mulika mwizi. Kwa watoto wengi wa mpakani hiyo ndiyo ilikuwa mashine ya kwanza ya gemu waliyowahi kushika, nayo ilikuwa ya baba, na baba aliitoa mfukoni kwa masharti.

Nyoka hakuwa na bei. Faida yake Nokia ilikwisha kuipata siku simu iliponunuliwa, na baada ya hapo mchezo haukuwa na njia yoyote ya kumwomba mtu kitu. Nyoka akijigonga amekufa. Unaanza tena, au unazima ili kuokoa chaji, maana kijijini chaji ndiyo iliyolipiwa, kwa mtu wa kituo cha biashara mwenye betri ya gari au sola. Nawasihi wanaoandika historia ya teknolojia katika nchi zetu wasiupite mchezo huu haraka. Mamilioni ya watu walijifunza kwa nyoka kwamba simu ni kitu cha kuchezea, na walijifunza bila kudaiwa.

Wakati huohuo mpaka wenyewe ulikuwa unajifunza kuhesabu vijisenti. Septemba 2006 Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akavuka Busia au Malaba na kupokea simu bila kutozwa, kana kwamba kizuizi hakipo. Machi 2007 Safaricom ikaleta M-Pesa. Machi 2009 MTN Uganda ikaleta pesa zake za simu. Ghafla iliwezekana kumtumia mtu kiasi kidogo kuliko nauli ya kumfikishia. Hakuna aliyefikiria gemu wakati huo. Watu walifikiria karo, dawa, na mbao za kupeleka ng'ambo ya pili.

Gemu zenyewe zilikuwa zikitembea kwa bluetooth. Simu zenye rangi ziliweza kuendesha gemu ndogo za Java, na ingawa kampuni kama Gameloft ya Ufaransa zilitaka zinunuliwe kwa ujumbe mfupi, vijana walizipata kwenye tovuti ya Waptrick, kisha wakagawana wakiwa wameziegemeza simu bega kwa bega hadi asilimia ifike mia. Nokia ilijaribu mwaka 2003 kuoanisha simu na mashine ya gemu kwa kutoa N-Gage, na dunia ikaikataa. Mpakani haikuwa na haja ya kukataliwa.

Gemu ya kulipia, yaani ile ambayo mtoto alitoa sarafu mkononi, ilikuwa ndani ya kibanda. Nchini Uganda neno hilo lina maana maalumu: kibanda ni ukumbi wa video, wenye mabenchi na mfasiri wa filamu anayepaza sauti juu ya sauti ya mwigizaji. Pembeni mwake, au katika chumba cha mabati kilicho peke yake, kulikuwa na PlayStation 2, televisheni ya mgongo mrefu, na diski za mpira wa miguu zilizonakiliwa. Upande wa Kenya mechi ilikwenda kwa shilingi 10 au 20. Aliyefungwa alipisha. Mwenye kibanda alikaa mlangoni akipokea, akigombeza, na wakati mwingine akimfukuza mtoto aliyevaa sare ya shule saa nne asubuhi, kwa kuwa anamjua mama yake na kesho watakutana sokoni.

Wapo waliolalamika kwamba vibanda viliharibu vijana, na sisemi walikosea kila walichosema. Lakini tuitazame ile biashara ilivyokuwa. Sarafu ilinunua dakika. Dakika zilikwisha mbele ya macho ya wote. Aliyechukua pesa alikuwa na uso, jina na majirani. Mfuko ukiwa mtupu, mchezo ulimalizika, na hapakuwa na mtu wa kukukopesha maisha mengine matano.

Sasa inabidi tuuache mpaka kwa muda, kwa sababu kilichokuja kuubadilisha kilipikwa mbali.

Korea Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni za gemu za kompyuta zilikuwa na tatizo ambalo mwenye kibanda wa Busia angelielewa mara moja: wachezaji walikuwa wengi, waliojaa katika vyumba vya kompyuta za kukodi, na diski zilinakiliwa bure. Kampuni ya Nexon ilipata jibu. Fungua mlango, acha kila mtu aingie bila kulipa, kisha uza vitu vilivyomo ndani, nguo za mhusika na mapambo yake. Wajapani wakaongeza kiungo chao. Kwao kuna mashine za madukani ziitwazo gachapon, unatumbukiza sarafu na kuzungusha mpini, kidubwasha kinatoka ndani ya kibumba bila wewe kuchagua kipi. Walihamishia mpini huo kwenye simu. Kufikia Mei 2012 jambo lilikuwa zito kiasi kwamba idara ya serikali ya kulinda watumiaji ilitangaza aina moja ya bahati nasibu hizo kuwa haramu, ile ya kumtaka mchezaji akusanye seti nzima ya vitu vya kubahatisha ndipo apewe kile adimu, na hisa za kampuni za GREE na DeNA zikaporomoka.

Kati ya matukio hayo mawili Apple ilifungua duka lake la programu, Julai 2008. Mwanzoni gemu iliuzwa kama embe: bei juu, unalipa, unaondoka nayo. Oktoba 2009 Apple ikaruhusu programu za bure kuuza vitu ndani yake, huku yenyewe ikichukua asilimia 30. Sentensi moja katika kanuni za duka, na biashara nzima ikageuka. Gemu ya bure haikuwa tena zawadi ya kumvuta mteja. Ikawa duka lenyewe, na mchezo ukawa njia ya kumfanya mteja asitoke dukani.

Ili asitoke, mchezo ulipaswa usiishe. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote, na naona mara nyingi hupitwa kwa sababu watu hutazama pesa badala ya saa. Candy Crush Saga ilipofika kwenye simu mwaka 2012 ilimpa mchezaji maisha matano, akiyamaliza angoje au alipe. Kampuni ya King iliyoitengeneza ilipojiandikisha kuuza hisa mwaka 2014, hesabu zake zilionyesha kwamba waliolipa chochote walikuwa takriban 4 katika kila wachezaji 100. Wale 96 walikuwa na kazi nyingine: kutazama matangazo, kuwaita marafiki, na kuujaza ulingo ili wale wanne wawe na wa kumwonyesha walichonunua.

Mashine za gemu za mkononi zilipigwa na wimbi hilo zikiwa wazi kifua. Nintendo ilitoa 3DS Februari 2011 kwa yeni 25,000. Haikufika mwisho wa Agosti bei ikakatwa hadi 15,000, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akapunguza mshahara wake kwa nusu. Alikuwa ameonya mapema mwaka huohuo, mbele ya mkutano wa watengenezaji, kwamba wanaouza gemu za simu hawana sababu ya kulinda thamani yake. Sony, ambayo PSP yake ya mwaka 2004 ilikuwa imeuza takriban milioni 80, ilitoa Vita mwishoni mwa 2011 na haikupata wanunuzi wa kutosha. Desemba 2016 Nintendo yenyewe iliingia kwenye simu na Super Mario Run, gemu uliyoilipia mara moja, dola 9.99, ukawa nayo nzima. Faida haikufikia matarajio yao. Miezi miwili baadaye wakatoa Fire Emblem Heroes, ya bure, yenye mpini wa gacha, na hiyo ndiyo iliyojaza kapu. Sipati mfano ulio wazi kuliko huo. Nyumba ileile, msimu uleule, mnunuzi yuleyule, na bei iliyofichwa ikaishinda bei iliyo wazi.

Turudi Malaba na Busia, ambako kwa miaka kadhaa haya yote yalipita juu ya vichwa kama ndege za kwenda Entebbe. Duka la Apple lilidai kadi ya benki. Wakulima wa mtama na wabeba mizigo wa mpakani hawakuwa nayo. Aliyebaki na simu ya vitufe alionja kidogo tu: Nokia 105 za miaka ya 2010 zilikuja na gemu za Gameloft za kujaribu, ukacheza hatua chache, kisha skrini ikakutaka utume ujumbe wa kulipia. Wengi walirudi kwa nyoka.

Halafu zikamiminika simu janja za bei nafuu, Tecno na itel za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, na hapo ukatokea mkasa ambao sijauona ukiandikwa inavyostahili. Novemba 2012 mtaalamu wa programu wa Sweden, Henrik Rydgård, alitoa programu ya bure iitwayo PPSSPP, inayoifanya simu ijione kuwa PSP. Mashine ile ambayo kijana wa Tororo hakuwahi kuiona dirishani mwa duka ikaja kuishi ndani ya Tecno yake. Sony ilikomesha kuuza PSP mwaka 2014. Mpakani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Ilienea kwa njia za zamani. Ulikwenda kwa kijana mwenye kompyuta, yule anayejaza nyimbo na filamu kwenye kadi za memori, ukamlipa kidogo, akakuwekea mpira, mbio za magari na mieleka. Au rafiki alikurushia kwa programu ya Xender bila bando hata kidogo. Mpira ndio uliotawala. Kampuni za Konami na EA zilitoa mpira wao wa mwisho kwa PSP katika msimu wa 2013 na 2014, lakini mafundi wasiojulikana, wengi wao wakiwa vijana wa nchi kama zetu, waliifungua ile faili kila msimu mpya, wakavalisha timu jezi za mwaka huo, wakahamisha wachezaji waliouzwa, wakaipa jina la mwaka mpya na kuirudisha mitaani. Konami haikupata hata senti, na kisheria hilo halina utetezi. Ila mtu anayetaka kujua kwa nini vijana walisumbuka hivyo aangalie walichopata: mchezo mzima. Haukuomba intaneti. Haukuonyesha tangazo. Ligi ilikuwa na mechi ya mwisho na kombe la kunyanyua.

Ukilinganisha na gemu mpya za bure, tofauti haikuwa ubora wa picha. Subway Surfers ya mwaka 2012 ilipendwa sana, na inapendwa bado kwenye simu za akina mama ambazo watoto wameziazima, lakini haina pa kufika. Reli haiishi, na ukianguka unaulizwa kama utatazama tangazo uendelee. Mtu asiye na kadi ya benki analipa kwa macho yake. Hata wabunifu wa kwetu walijikuta humo: Kola Studios ya Kampala iliuingiza kwenye simu mchezo wa karata wa matatu, ambao Mganda yeyote anaujua, na ikategemea matangazo, huku bei ambayo wenye matangazo hulipia macho ya Mwafrika ikiwa ndogo kuliko wanayolipia macho ya Mmarekani.

Free Fire ndiyo iliyovunja ukuta. Garena ya Singapore iliitoa mwaka 2017 ikiwa imeipunguza makusudi ili iingie katika simu zenye nafasi ndogo, simu zetu. Hamsini wanaruka kutoka kwenye ndege, anabaki mmoja. Mchezo ni bure. Kinachouzwa ni almasi, na almasi hununua mavazi, rangi za bunduki, na haki ya kuzungusha gurudumu la bahati. Kifungashio cha dola moja mwaka 2024 kilikuwa kama shilingi 130 za Kenya au 3,700 za Uganda, lakini skrini haisemi shilingi. Inasema almasi, na almasi hazigawanyiki sawasawa na unachokitaka, kila mara zinabaki chache za kukurudisha. Pesa za simu, ambazo zilianza kwa ajili ya karo, zikawa daraja. Aliye na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mpakani wengi wanazo, alichagua mtandao wenye bando la bei nafuu siku hiyo.

Serikali ya Uganda nayo iliongeza uzito kwenye mizani bila kukusudia gemu. Julai 2018 iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaifuta na kuleta ushuru wa asilimia 12 kwa bando zote isipokuwa za elimu na afya. Mwezi huohuo wa Julai 2021 Sony iliacha kuuza gemu kupitia PSP yenyewe. Gemu ya mtandaoni ikapanda bei Tororo siku zilezile ambazo mashine ya mkononi ilifungiwa duka lake, na faili za PPSSPP zikaendelea kurushwa kwa Xender.

Kuna mlango mwingine uliofunguka, na unanitia hofu kuliko almasi. Mwaka 2019 kampuni ya Spribe ya Georgia ilitoa Aviator. Kindege kinapaa, namba inakua, bonyeza kabla hakijatoweka. Ni kamari, ya pesa taslimu, lakini imevaa nguo za gemu ya simu, na kidole kilichofundwa na magurudumu ya bahati hakihitaji somo jipya. Imeenea Kenya na Uganda kupitia kampuni za ubashiri. Madereva wa boda boda huicheza stejini wakingoja abiria, mahali palepale ambapo babu zao wa baiskeli waliuza safari yenye bei inayojulikana.

Sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha, ya mwaka 2016, inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Kenya umri ni 18. Tafakari maana yake hapa. Kijana wa miaka 20 akiwa Uganda ni mtoto mbele ya kamari. Akitembea dakika chache na kuvuka Malaba amekuwa mtu mzima. Na kama ana laini ya Safaricom mfukoni, mtandao wa Kenya humfuata hadi alikokaa. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, alichokizindua Uhuru Kenyatta pamoja na Yoweri Museveni Februari 2018, hukagua malori na pasipoti. Hakuna dirisha la kukagua kindege. Serikali zote mbili zimehangaika: Januari 2019 Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za ubashiri, Julai mwaka huo Kenya ikakataa kuhuisha leseni za kampuni kubwa, na Aprili 2025 Kenya ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Lakini sheria hizi zinatafuta dau lenye zawadi ya pesa. Gurudumu linalotoa bunduki ya rangi ya dhahabu, isiyoweza kuuzwa popote, linapita katikati. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya namna hiyo ni kamari. Ningependa kuona bunge la Kampala au la Nairobi likikaa kwa swali hilo angalau alasiri moja, kwa sababu wanaozungusha ni watoto wa darasa la sita.

Wawekezaji hawakungoja. Carry1st, kampuni iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2018, ilijenga biashara juu ya pengo lilelile la kadi ya benki: inauza sarafu za gemu za wengine kwa njia za malipo za Kiafrika, zikiwemo pesa za simu. Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony uliweka pesa zake humo. Ni Sony ileile ya PSP. Miaka ishirini baada ya kutoa mashine ambayo haikuwahi kuuzwa mpakani hapa, imefika, na imefika kupitia dirisha la malipo.

Msimu wa ligi za Ulaya unapoanza, faili mpya ya mpira inatua kwenye kadi za memori, jezi zimebadilishwa, ndani yake gemu ileile ya PSP. Wawili wanakaa kwenye kiti cha pikipiki na simu moja, wanapokezana. Anayefungwa anapisha.